Kuongeza Kuni Bila Kujaza Moshi Jikoni: Mwongozo kwa Wapishi na Waoka Mikate wa Kisangani

1. Mwongozo huu ni wa nani

Kisangani inapikia kuni na makala. Bwawa la umeme liko mjini kwenyewe, kwenye mto Tshopo, lakini umeme wa SNEL haufiki katika kila parseli, na pale unapofika hukatika mara kwa mara. Kwa hiyo shule za bweni, nyumba za watawa, hospitali, malewa na tanuru za mikate, kuanzia Makiso na Mangobo hadi ng'ambo ya mto Kongo kule Lubunga, bado zinategemea moto wa kuni tangu alfajiri hadi usiku.

Mwongozo huu umeandikwa kwa wale wanaosimama mbele ya moto huo: wapishi wakuu na wasaidizi wao, waoka mikate, wachochea moto, na wasimamizi wanaonunua kuni na kuagiza majiko. Unahusu hasa jiko lililofungwa, lenye mlango wa kutilia kuni na bomba la kutolea moshi, liwe limejengwa kwa matofali au limechomelewa kwa bati nene la pipa. Tanuru la mkate, mafiga na mbabula vina sehemu zao mbele.

Kila aliyeshika kazi hii anaijua taabu yenyewe. Moto unawaka vizuri, bomba linavuta, jikoni hakuna moshi. Mpishi anafungua mlango aongeze kuni, na papo hapo moshi unamjia usoni, unapanda hadi chini ya mabati na kukaa huko mpaka chakula kiive. Wengi wameizoea hali hiyo wakidhani ndivyo kuni zilivyo. Sivyo. Jiko lenye bomba zima linaweza kuongezwa kuni kutwa bila moshi kuingia chumbani, ikiwa kazi inafuata utaratibu. Na utaratibu wote umejengwa juu ya kanuni moja: moshi upewe njia kwanza, mlango ufunguliwe baadaye, kuni ziingie mwisho.

2. Kwa nini jambo hili lichukuliwe kwa uzito

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani, unaotokana na kupikia kuni, makala, samadi na mafuta ya taa, ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati ya hivyo vilikuwa vya watoto walio chini ya miaka mitano. Moshi huo huleta nimonia kwa watoto, na kwa watu wazima huleta kiharusi, maradhi ya moyo, ugonjwa sugu wa mapafu na saratani ya mapafu. Huharibu macho pia.

Mpishi wa shule au wa malewa hukaa jikoni muda mrefu kuliko mtu anayepikia familia yake. Mara nyingi ni mama mwenye mtoto mgongoni, na mtoto huyo huvuta hewa ile ile. Moshi unaotoka mlangoni kila kuni zinapoongezwa ndio mzito kuliko wote, kwa kuwa ni gesi ya kuni ambayo haijapata kuungua. Gesi hiyo ni moto uliolipiwa sokoni, na ikitoka mlangoni imepotea bure.

3. Kwa nini moshi unarudi

Bomba la moshi huvuta kwa sababu moja tu: moshi wa moto ni mwepesi kuliko hewa ya nje, hivyo hupanda. Nguvu ya mvuto huo ni ndogo sana. Bomba la mita 4 lenye moshi wa nyuzi 150 huvuta hapa Kisangani kwa takriban paskali 12, shinikizo linaloweza kuinua maji milimita moja na kitu tu. Moshi ukipoa hadi nyuzi 60, hubaki paskali 4 hivi. Mlango ukifunguliwa kwa ghafla, au upepo ukipita dirishani, nguvu hiyo ndogo imekwisha shindwa.

Hali ya hewa yetu inaongeza ugumu. Katika nchi za baridi, hewa ya nje ikiwa nyuzi 0, bomba la urefu ule ule na joto lile lile hupata paskali 18 kwenye usawa wa bahari. Sisi hewa yetu ya nje ina nyuzi 25 hadi 30 na imejaa unyevu. Kwa hiyo bomba linaloridhisha Ulaya linaweza kulegea hapa, na mpishi wa Kisangani anahitaji bomba refu na safi, na mkono wenye utaratibu kuliko wa mwenzake wa kule.

Wakati wa kuongeza kuni, mambo matatu hutokea kwa pamoja. Kwanza, mlango ukiwa wazi, bomba lililokuwa likivuta hewa kupitia tundu dogo linatakiwa kuvuta kupitia uwazi mkubwa. Nguvu ile ile inatawanyika, na moshi wa sehemu ya juu ya mlango unabaki bila mvutaji. Pili, hewa ya chumbani inaingia kwa wingi na kupoza bomba. Tatu, kuni mpya zikigusa makaa mekundu huanza kutoa gesi papo hapo, kabla ya kushika moto. Moshi unakuwa mwingi kabisa katika dakika ile ile ambayo bomba limedhoofika. Hatua za sehemu ya 5 zinayatenganisha mambo hayo matatu yasikutane.

4. Matayarisho kabla ya kufungua mlango

a) Kuni ziwe tayari kando ya jiko, zimepasuliwa na kukatwa kwa urefu wa chumba cha moto. Kuni ndefu inayobakiza ncha nje hulazimisha mlango ukae wazi, na hakuna bomba linaloweza kushindana na mlango usiofungwa.

b) Reki ya chuma na koleo viwe mkononi. Mpishi asifungue mlango ndipo aanze kuvitafuta.

c) Hewa iwe na pa kuingilia. Bomba haliwezi kutoa moshi nje kama jiko halipati hewa mpya. Acha wazi dirisha moja au mlango wa upande unakotoka upepo. Usiache wazi uwazi wa upande wa pili peke yake, kwa maana upepo ukipita utaivuta hewa ya jikoni pamoja na moshi.

d) Kama kuna feni ya kutolea hewa ukutani, izimwe kwanza. Feni ina nguvu kuliko bomba. Itavuta moshi kupitia mlango wa jiko.

e) Jivu lipunguzwe. Liachwe tabaka la sentimita 2 au 3 la kulinda makaa. Jivu likijaa hadi kwenye tundu la hewa, moto unakosa pumzi na moshi unaongezeka.

5. Hatua za kuongeza kuni

Hatua ya kwanza: chagua wakati. Usiongeze kuni miali ikiwa mirefu, wala usingoje makaa yafe. Wakati mzuri ni pale miali imeshuka na makaa yamebaki mekundu yakiwaka kwa joto kali. Hapo moshi ni mchache, bomba lina joto, na kuni mpya zitashika upesi.

Hatua ya pili: fungua tundu la hewa lote. Kama ndani ya bomba kuna kilango cha kupunguzia mvuto, kifungue hadi mwisho. Ngoja dakika moja. Makaa yatang'aa zaidi na bomba litapata joto. Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, nayo ndiyo inayobeba nyingine zote.

Hatua ya tatu: legeza komeo, sogeza mlango kwa upana wa kidole, kisha simama hapo. Hesabu taratibu hadi kumi. Angalia moshi ulio ndani, karibu na ukingo wa juu wa mlango. Mwanzoni utauona ukizunguka pale pale kama uliopotea njia. Baada ya sekunde chache hewa inayoingia kwenye ufa itausukuma nyuma, na moshi utainama kuelekea shingo ya bomba. Ukishainama, bomba limeshika kazi. Ukiendelea kulamba ukingo wa mlango, funga, ngoja dakika nyingine, ujaribu tena.

Hatua ya nne: fungua mlango polepole hadi pale unapohitaji tu. Mlango unaovutwa kwa nguvu huburuta moshi nyuma yake. Kama mkono na kipande cha kuni vinapita kwenye nusu ya uwazi, nusu inatosha.

Hatua ya tano: vuta makaa mbele, karibu na tundu la hewa, kwa reki. Usiyatawanye, yakusanye yawe kichungu kimoja chekundu.

Hatua ya sita: weka kuni nyuma ya makaa, zikiwa zimeegemea kidogo juu yake. Weka vipande viwili au vitatu, na uache nafasi ya kidole kati ya kipande na kipande. Usifunike makaa yote. Makaa yaliyobaki wazi mbele ndiyo yatakayowasha gesi ya kuni mpya inapopita juu yake. Kuni zikirundikwa hadi kujaza chumba cha moto, makaa yanapoa na jiko zima linageuka kuwa kiwanda cha moshi.

Hatua ya saba: rudisha mlango, ila uache ufa mdogo, au ufunge kabisa ikiwa tundu la hewa ni kubwa. Usiondoke. Subiri mpaka miali ionekane juu ya kuni mpya. Kwa kuni kavu, hii ni kazi ya dakika chache.

Hatua ya nane: funga komeo, kisha punguza hewa kidogo kidogo kulingana na sufuria. Kilango cha bomba kiwe cha mwisho kurudishwa, na kisifungwe kabisa hata siku moja wakati makaa yako hai.

Kuni kidogo mara nyingi ni bora kuliko kuni nyingi mara moja. Mpishi anayejaza jiko ili akapumzike atapumzika ndani ya moshi.

6. Kuwasha asubuhi na siku za mvua

Jiko lililolala usiku mzima lina bomba baridi. Hewa iliyo ndani yake ni nzito na inaweza hata kushuka badala ya kupanda, hasa baada ya mvua ya usiku. Ukiwasha hivyo, moshi wote utakuja chumbani. Lipashe bomba kwanza: washa karatasi au jani kavu la mchikichi, ulishike karibu na shingo ya bomba, au ulitie kwenye tundu la kusafishia chini ya bomba kama lipo. Moto ukianza kuvuma juu, bomba limeamka. Kisha washa vijiti vyembamba, ongeza vya unene wa dole gumba, na kuni nene zije baada ya makaa kupatikana.

Dhoruba ikikaribia, ongeza kuni mapema kabla upepo haujaanza. Upepo mkali wa kabla ya mvua husukuma moshi urudi chini ndani ya bomba kwa vishindo, na huo si wakati wa kufungua mlango.

7. Tanuru la mkate

Tanuru nyingi za matofali hazina bomba. Kuni huchomwa ndani ya chumba kile kile, halafu makaa hutolewa na mkate huokwa kwa joto lililobaki kwenye matofali. Mdomo wa tanuru hufanya kazi mbili: hewa huingia kwa chini na moshi hutoka kwa juu. Mwoka mikate akiiziba sehemu ya chini kwa kuni, moshi utamjia yeye.

Kwa hiyo moto ukae upande mmoja au nyuma, kamwe usikae mdomoni. Kuni ziongezwe kwa uma mrefu wa chuma, kipande baada ya kipande, zikilazwa juu ya makaa na si mbele yake. Mwoka mikate asimame kando ya mdomo, asikae mbele yake. Juu ya mdomo pajengwe kofia ya bati jeusi lisilo na zinki, pana kuliko mdomo wenyewe, yenye bomba linalopita paa. Kofia hiyo ni kazi ndogo kwa fundi wa kuchomelea, na ndiyo inayotenganisha chumba cha kazi na chumba cha moshi.

8. Mafiga na mbabula

Wasio na bomba wana njia nne. Ya kwanza ni kusukuma kuni kwa ncha: vipande vyembamba vielekee katikati, na kila ncha inapoungua kuni isogezwe, badala ya kurusha kuni mpya juu ya moto. Ya pili ni kupikia mahali penye uwazi pande mbili, au chini ya kibanda kilichoachwa wazi chini ya paa. Ya tatu ni kuwasha mbabula nje hadi makala yawe mekundu yote ndipo iingizwe, na jikoni pabaki wazi muda wote inapowaka.

Ya nne ni kubadili jiko. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Mmarekani Larry Winiarski wa kituo cha Aprovecho, katika jimbo la Oregon, alieleza kanuni za jiko lenye shingo fupi iliyopinda: kuni huingia kwa ncha kupitia mdomo mdogo wa chini, na moto hupanda ndani ya shingo iliyozungushiwa kitu kisichopitisha joto. Jiko hilo halina mlango wa kufungua, kwa hiyo halina wakati wa kutapika moshi kwa kufunguliwa. Fundi anayejua kuchomelea pipa anaweza kulitengeneza.

9. Kuni zenyewe

Hakuna ufundi wa kufungua mlango unaoweza kuokoa kuni mbichi. Mti uliokatwa karibuni unaweza kuwa na maji nusu ya uzito wake. Katika kilo 20 za mzigo huo, kilo 10 ni maji. Maji hayo hula joto la makaa, hupoza bomba, na kuacha gesi itoke bila kuungua.

Kisangani hupata mvua zaidi ya milimita 1,600 kwa mwaka, na haina msimu mrefu wa kiangazi. Kuni zinazoletwa kwa toleka, kwa lori au kwa mtumbwi mara nyingi zimenyeshewa njiani. Kwa hiyo:

a) Nunua kuni za miezi miwili au mitatu mbele, hasa Januari na Februari mvua zinapopungua. Kuni za leo ziwe zimenunuliwa zamani.

b) Zipasue kabla ya kuzipanga. Maji hutoka haraka kwenye mbao iliyopasuliwa; gome huyazuia.

c) Zipange juu ya magogo au matofali, zisiguse udongo, chini ya paa, pande zikiwa wazi ili upepo upite. Kuzifunika kwa turubai la plastiki hadi chini ni kuzivundika.

d) Pima ukavu kwa mizani. Chagua kipande kimoja, kitie alama ya chaki, ukipime kila juma. Kikiacha kupungua uzito, kimekauka kadiri hewa yetu inavyoruhusu. Ishara nyingine ni nyufa kwenye ncha, gome linalobanduka, na mlio mkali vipande viwili vinapogonganishwa.

e) Kuni za kesho zikae karibu na jiko zipate joto, umbali usiopungua mita moja.

f) Changanya kwa akili. Kombokombo, unaoota haraka kwenye mashamba yaliyoachwa, ni mwepesi. Unafaa kuwashia, lakini huisha mara moja na kukulazimisha kufungua mlango kila wakati. Limbali na miti mingine mizito huacha makaa ya kudumu, na makaa ndiyo msingi wa hatua ya tano na ya sita. Mabaki ya mbao za kiwanda cha kupasulia ni mazuri yakiwa makavu. Mbao zenye rangi, dawa au gundi, pamoja na plastiki na mpira, zisiingie jikoni kabisa.

Taasisi yenye kiwanja ifikirie kupanda kuni zake. Huko Yangambi, kiasi cha kilomita 100 magharibi mwa mji, mradi wa FORETS wa shirika la utafiti wa misitu CIFOR, uliogharimiwa na Umoja wa Ulaya, umehimiza upandaji wa mishita na miti mingine inayokua haraka kwa ajili ya kuni na makala. Kuni za shamba huwa na unene unaolingana, hukatwa kwa kipimo kimoja, na hupunguza mzigo wa msitu unaozunguka mji.

10. Bomba: vipimo vya kuagiza kwa fundi

Urefu: kuanzia sakafu ya moto hadi juu, bomba lisipungue mita 4.5. Lipite juu ya paa kwa sentimita 90 angalau pale linapotokea, na liwe juu ya kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kwa sentimita 60. Bomba linaloishia chini ya kilele cha paa, au kando ya mwembe mkubwa, litarudishiwa moshi na upepo.

Upana: uwazi wa mlango usizidi mara 10 ya uwazi wa bomba. Bomba la kipenyo cha sentimita 15 lina uwazi wa sentimita mraba 177 hivi. Mlango wa sentimita 30 kwa 25 ni sentimita mraba 750, na unafaa. Bomba la sentimita 10 lina 79 tu. Ukiliwekea mlango wa sentimita 40 kwa 30, uwazi ni 1,200, zaidi ya mara 15. Jiko hilo litatoa moshi hata likishikwa na mpishi hodari. Dawa ni kupunguza mlango au kubadili bomba.

Unyofu: bomba lipande wima. Kona zisizidi mbili, na sehemu ya kulala iwe fupi kabisa.

Kofia ya mvua: nafasi kati ya mdomo wa bomba na kofia iwe sawa na kipenyo cha bomba angalau. Kofia iliyokalia mdomo ni kizibo.

Bati: sehemu iliyo karibu na moto isiwe bati la zinki. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420, na mvuke wake ni sumu. Pipa lililobeba mafuta au rangi lisafishwe kabisa na fundi kabla ya kukatwa au kuchomelewa, maana mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka. Kisha lichomwe nje hadi rangi iishe.

Umbali: bomba la bati moja likae sentimita 45 mbali na mbao, majani au turubai. Linapopita paa la majani, lizungushiwe fremu pana ya chuma au matofali.

11. Moshi ukiendelea kurudi

Jaribu kwa kijiti kinachofuka. Kishike kwenye ufa wa mlango, tundu la hewa likiwa wazi. Moshi wake ukiingia ndani ya jiko, bomba linavuta na kosa liko kwenye mwendo wa mkono au kwenye kuni. Ukisimama au ukirudi, kosa liko kwenye bomba au chumba.

Kama moshi hurudi milango ya chumba ikiwa imefungwa tu, jiko linakosa hewa: ongeza tundu ukutani.

Kama hurudi upepo unapovuma tu, ongeza urefu wa bomba.

Kama jiko lilikuwa zuri na limeharibika polepole, bomba limejaa masizi. Kama limeharibika ghafla, kuna kiota cha ndege au nyigu, au bati limeanguka ndani.

Kama lilikuwa na moshi tangu lilipojengwa, rudi kwenye vipimo vya sehemu ya 10.

12. Usafi na usalama

Gonga bomba kwa kijiti kila juma. Mlio wa wazi ni dalili njema. Mlio mzito ni masizi. Safisha kwa brashi ya waya au kifungu cha matawi magumu kilichofungwa kwenye kamba na jiwe, angalau mara moja kwa mwezi katika jiko la kutwa. Utomvu mweusi unaong'aa ndani ya bomba ni matokeo ya kuni mbichi na hewa iliyobanwa mno, nao hushika moto.

Bomba likianza kunguruma na kuwa jekundu, moto umeingia ndani yake. Funga mlango na matundu yote ya hewa, watoe watu nje, angalia paa, ita msaada. Usimwage maji kwenye bomba.

Hewa ya sumu ya makaa haina harufu wala rangi. Makaa mekundu yasiyo na moshi huitoa kwa wingi. Mtu asilale katika chumba chenye mbabula au jiko lenye bomba lililozibwa. Kichwa kikiuma, kizunguzungu na kichefuchefu vikiwapata watu wawili au watatu kwa pamoja jikoni, wote watoke nje mara moja na waende kituo cha afya.

Jivu litolewe kwa ndoo ya chuma yenye kifuniko, likae nje mbali na ukuta wa mbao. Makaa yaliyofichwa ndani ya jivu huweza kuishi zaidi ya siku moja.

Mtoto asikae mbele ya mlango wa jiko kuni zinapoongezwa. Mama mwenye mtoto mgongoni amwachie mwenzake kazi hiyo.

13. Wajibu wa mwenye jiko

Mchochea moto hawezi kutimiza mwongozo huu akiletewa kuni mbichi asubuhi ya kupikia, akinyimwa reki, na bomba likiachwa bila kusafishwa tangu lijengwe. Mwenye malewa, mkuu wa shule na msimamizi wa tanuru watoe vitu vitano: banda la kuni, shoka zuri, reki na koleo, brashi ya bomba, na siku ya usafi iliyoandikwa kwenye ratiba ya kazi. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kuni zinazopotea kwa moshi.

Hatua nane za sehemu ya 5 zibandikwe ukutani kando ya jiko, na kila msaidizi mpya azifanye mbele ya mpishi mkuu kabla ya kuachiwa moto peke yake. Wapishi wenzangu wa Kisangani, kazi yetu inalisha wanafunzi, wagonjwa na wasafiri wa mji huu kila siku. Haitudai mapafu yetu wala ya watoto wetu. Anzeni na kuni zitakazoingia jikoni kesho: fungueni njia ya moshi, hesabuni hadi kumi, ndipo mfungue mlango.